Gego la kushoto: kisa cha msichana mwenye usonji na kifafa kwenye kiti cha meno, Mombasa

Mgonjwa ni msichana wa miaka 19 kutoka Likoni, anayelelewa na bibi yake mzaa mama. Ana usonji, maneno yake ni machache, na tangu utotoni ana kifafa kilichotulizwa kwa vidonge vya fenitoini. Anasoma katika kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza, na bibi yake ameridhia kisa hiki kiandikwe.

Kilichomleta ni mkono wake mwenyewe. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijipiga kofi shavuni, mara moja moja mchana na mfululizo usiku. Mahamri aliyokuwa akiyagombania asubuhi akawa hayataki. Akala uji, na mkate pale tu ulipokwisha kulowa kwenye mchuzi. Shuleni wakasema ni ujana umempanda. Jamaa mmoja akasema mtoto aoneshwe watu wa dini, na kweli alisomewa. Bibi hakukataa kisomo, ila alikuwa na jambo lake alilolishikilia. Siku aliyonipigia simu aliniambia: "Mwanangu, huyu hana jini. Ana jino. Mkono hauendi shavu la kulia hata siku moja."

Alikuwa ameona na jingine. Akimpa maji ya friji, msichana huyashikilia mdomoni upande mmoja, kisha hulia. Akimpa ya mtungi hunywa vizuri. Hapo bibi alikuwa ameshafanya nusu ya uchunguzi ambao daktari wa meno huufanya kwa maswali.

Nianze na hili kwa sababu ndipo kesi nyingi za aina hii zinapopotelea. Mtu asiyeweza kusema jino linaniuma atalisema kwa njia aliyo nayo: atajipiga, atatia vidole mdomoni, atatokwa na udenda kuliko kawaida, atakataa mswaki aliokuwa akiukubali, hatalala. Anayemtazama kwa jicho la usonji peke yake ataona usonji. Kanuni ninayoifuata ni kwamba tabia ikibadilika ghafla, kwanza tazama meno, masikio, koo na tumbo. Ukishaviondoa hivyo ndipo uzungumzie ujana au kitu kingine.

Ziara iliyoshindikana

Kabla ya kufika kwetu walikuwa wamekwenda kwingine. Sitapataja, wala pale hapakuwa na watu wabaya. Nataka kuifuata siku ile jinsi bibi alivyoisimulia, hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu tulichokuja kukibadilisha baadaye.

Msichana hakulala usiku ule kwa maumivu. Waliondoka nyumbani alfajiri ili wawahi foleni. Bibi hakumpa chai, akidhani atachomwa sindano na sindano haitaki tumbo lenye chakula, na kwa kuwa vidonge vya kifafa humpa na chai, vidonge navyo vikasahaulika. Kivuko cha Likoni alfajiri wanakijua wanaokipanda: lango likifunguliwa, watu wote wanakwenda mbio kwa pamoja, na anayesita husukumwa. Wakafika hospitalini, wakapewa nambari, wakakaa kwenye benchi hadi baada ya adhuhuri. Runinga ilikuwa juu, mlango wa chumba cha matibabu unafunguka na kufunga, na kila ukifunguka anatoka mtoto analia.

Walipoitwa, msichana aliona kiti, akaona taa, akaketi chini sakafuni. Wahudumu wawili wakamshika mikono na wa tatu kichwa. Akapiga kelele, akauma kidole cha mtu. Bibi akaambiwa huyu hatibiki akiwa macho, apelekwe kulazwa usingizi wa dawa katika chumba cha upasuaji, na orodha ya kungoja ni ndefu.

Stahamala yake siku ile ilikuwa kama salio la simu: sehemu ililiwa na usiku wa maumivu, sehemu na feri, sehemu na njaa, na iliyobaki ikamalizwa na benchi. Alipofika mbele ya kiti hapakuwa na kitu. Kwenye faili yake iliandikwa kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Ninayo shida na sentensi hiyo. Inasema kilichotokea katika dakika tano za mwisho na kunyamazia saa nane zilizotangulia.

Halafu kulikuwa na hatari ambayo hakuna aliyeiona. Mtu mwenye kifafa ambaye hakulala, hakula na hakumeza dawa yake ndiye hasa anayeweza kupata degedege kwenye kiti.

Simu kwanza

Kwetu kliniki ni ndogo, iko upande wa Tudor, na hatuna chumba cha usingizi. Nilizungumza na bibi kwa simu kabla ya kumpa miadi. Nilimuuliza mjukuu wake nyumbani huitwa jina gani, saa gani ya siku hutulia zaidi, sauti gani humkera, na anapopenda na asipopenda kuguswa. Nikamuuliza husemaje akitaka jambo likome. Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini, huanza vipi, na hukaa muda gani. Humeza dawa gani, saa ngapi, na zipi ameongezewa tangu jino lianze.

Majibu yalikuwa mali. Hapendi kuguswa nyusi na paji la uso, lakini kubanwa mabega humtuliza. Hushikilia pindo la leso na kulisokota. Anapenda kuhesabu, na huhesabu kwa sauti hadi kumi kisha huanza upya. Akichoka husema "basi", na ni miongoni mwa maneno machache anayoyasema sawasawa kila mara.

Swali la dawa ndilo lililonishtua. Duka la dawa lilikuwa limempa amoksilini na metronidazoli, kama wanavyofanya wengi mtu akisema jino. Jirani naye alikuwa amejitolea vidonge vyake vya tramadoli, ambavyo kwa bahati bibi hakuvitumia, maana tramadoli huweza kuchochea degedege. Bibi akaongeza kwamba siku hizi mjukuu anayumba akitembea, na shuleni wamemwona akigonga meza. Metronidazoli huweza kuzuia mwili usiivunje fenitoini, kiwango chake katika damu kikapanda, na mtu akaanza kupepesuka kama mlevi. Niliwasiliana na kliniki yake ya kifafa siku hiyo hiyo. Metronidazoli ikasimamishwa, akapimwa, na baada ya siku chache akawa anatembea kama zamani. Fenitoini yenyewe haikuguswa, kwa kuwa kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Hakuwa na uvimbe wa uso wala homa, kwa hiyo hata ile amoksilini haikuwa na kazi ya kufanya. Kiini cha jino kilichovimba hakitulizwi na antibayotiki.

Maumivu hayangoji mazoea

Vitabu vinashauri mgonjwa wa aina hii azoeshwe polepole kwa ziara fupi fupi, leo aone mlango, siku nyingine aguse kiti. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye haumwi. Huyu alikuwa anaumwa sana. Ungemwambia bibi asubiri wiki sita za kuzoea huku mtoto anajipiga usiku?

Tuligawa kazi mara mbili. Kwanza maumivu, kwa dawa za kawaida zilizokubaliwa na kliniki yake ya kifafa, zikitolewa kwa saa maalumu badala ya kungoja mpaka alie. Pili, ndani ya siku zile zile, picha. Nilichukua simu nikapiga picha za lango letu, askari wa mlangoni, ngazi, kiti, taa ikiwa imezimwa, kioo kidogo cha mdomoni, na mwisho tuktuk ya kurudi nyumbani. Nilimtumia bibi kwa WhatsApp, mtoto wa jirani akazichapisha saiba, na mwalimu wake akazibandika kwa mpangilio. Kila siku alizipitia na kidole hadi kwenye tuktuk. Wapo wenzangu wanaoona hayo ni ya chekechea. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Kwa msichana huyu, njia inayomfaa ni picha.

Miadi tuliiweka saa nne asubuhi. Msongamano wa feri wa kuingia kisiwani unakuwa umepungua, amekwisha kunywa chai na kumeza vidonge, na kwetu nafasi hiyo tuliiacha bila mgonjwa mwingine kabla yake. Hakukuwa na benchi. Alitoka kwenye tuktuk akaingia moja kwa moja.

Sikuvaa koti jeupe. Kwa kuwa mimi ni mwanamume na yeye ni mwanamwali anayejisitiri, bibi alikuwa ndani muda wote pamoja na msaidizi wetu wa kike, na ushungi hakuna aliyeugusa. Vizuia sauti vya masikioni vilivaliwa juu ya mtandio, bila tatizo. Feni tuliizima, joto tukalivumilia. Runinga hatuna, na sasa sina mpango wa kununua.

Hakupanda kiti mara ya kwanza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nami nikakaa mbele yake chini kidogo. Nilimwambia ninachotaka kufanya, nikamwonesha kwa kidole cha bibi, kisha nikafanya kwake. Madaktari wa meno wa watoto wamekuwa wakitumia mpangilio huo tangu katikati ya karne iliyopita, na haujachuja. Kioo kikaingia mdomoni kwa hesabu ya kumi. Ilipofika kumi nikakitoa, hata kama sijaona nilichotaka kuona. Sheria hiyo haina msamaha: kumi ni kumi, na "basi" ni basi.

Kwa hesabu tatu nne nilishaona. Gego la kwanza la chini kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi, lilikuwa na tundu kubwa lenye uozo laini. Meno mengine mawili yalikuwa na matundu madogo. Na fizi zilikuwa zimeota juu ya meno, mbele hasa, hadi yakaonekana mafupi. Hiyo ni athari inayojulikana ya fenitoini, huwapata watu wengi wanaoitumia kwa miaka, na huwa mbaya zaidi pale ukoga unapokaa. Ukoga nao hukaa kwa sababu fizi zilizoota hazisafishiki. Mduara huo ndio uliotuletea tundu.

Nilikuwa na kijiko kidogo cha chuma cha kukwangulia uozo, kisicholia wala kutikisika. Kwa hesabu za kumi kumi nilitoa ule ulaini wa juu, nikaziba kwa dawa ya muda yenye mafuta ya karafuu. Hapa lilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Harufu ya karafuu ni miongoni mwa vitu vinavyotajwa kuwatisha wagonjwa, kwa kuwa ndiyo harufu ya chumba cha meno. Yeye aliivuta kwa pua, akamtazama bibi yake, akafungua mdomo zaidi. Bibi alikuwa akimwekea karafuu iliyopondwa kwenye tundu lile tangu mwanzo. Nikamwomba bibi kitu kimoja tu: asitie mafuta ya karafuu yasiyochanganywa, maana huunguza fizi.

Usiku ule alilala.

Kung'oa

Dawa ya muda ni ya muda. Jino linalouma lenyewe usiku, na ambalo maumivu ya baridi hukaa baada ya maji kumezwa, kiini chake kwa kawaida hakirudi tena. Lilibaki ama litibiwe mizizi au ling'olewe.

Nililifikiria sana hili, kwa sababu ninajua tunavyofanya. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili hung'olewa zaidi na huzibwa kidogo kuliko wengine. Kung'oa ni rahisi kwa daktari. Ila hapa ukuta mmoja wa jino ulikuwa umekwisha anguka hadi chini ya fizi, na kutibu mizizi kungetaka vikao virefu na eksirei kadhaa za ndani ya mdomo. Eksirei moja tuliipata, baada ya yeye kuzoea nyumbani kuuma kipande cha plastiki tulichompa. Ilitosha kuthibitisha. Nilimweleza bibi, na nilimweleza msichana kwa picha ya jino likiwa nje ya mdomo. Ana miaka 19. Hata pale ambapo sahihi ni ya bibi, mdomo ni wake.

Siku hiyo bibi alikuja na leso yake mwenyewe na kuitandika juu ya kiti, na msichana akapanda bila kuambiwa. Tulimfunika ile aproni nzito yenye madini ya risasi tunayoitumia kwenye eksirei, kifuani hadi magotini, kwa kuwa uzito humtuliza kama kubanwa mabega. Aproni ile haimfungi mtu. Ana uwezo wa kuisukuma akitaka, na tulimwonesha jinsi ya kuisukuma kabla ya kuanza. Miwani ya jua dhidi ya taa. Jeli ya ganzi kwanza, ikakaa muda wake, kisha sindano polepole, bomba likipitishwa chini ya kidevu asilione.

Koleo lilikuwa limeshika jino na jino lilikuwa limeanza kulegea aliposema "basi" kwenye saba. Kila daktari wa meno anajua mkono unavyotaka kumalizia pale. Niliachia, nikatoa koleo, nikaweka mikono yangu magotini mahali anapoiona. Chumba kikawa kimya. Akasokota pindo la leso, akatazama dari, halafu yeye mwenyewe akasema: "Moja."

Jino lilitoka kwenye kumi ya pili baada ya hapo.

Tulikuwa na mpango endapo angepata degedege: kutoa kila kitu mdomoni, kulaza kiti, kumgeuza ubavu, kutazama saa, na kuita gari la wagonjwa likizidi dakika tano. Wala hakuna kijiko cha kutiwa kati ya meno, ijapokuwa kila mtaa una mtu anayeamini kijiko. Hatukuuhitaji mpango huo. Kilichohitaji macho zaidi ni ganzi yenyewe. Mdomo uliolala hauna habari, na mtu asiyeelewa kwa nini hausikii huutafuna hadi utoke damu. Bibi alikaa naye saa tatu, akimpa pindo la leso kila alipoanza kuvuta mdomo ndani.

Yaliyobaki

Moja ya yale matundu madogo tuliliziba bila mashine, kwa kukwangua na kujaza saruji ya glasi inayotoa floraidi. Mbinu hiyo ilizaliwa jirani, katika chuo cha meno cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na imekuja kuwafaa watu wasiovumilia mlio wa mashine hata penye umeme. Lingine la nyuma tulilipaka dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Zote mbili, saruji na dawa hiyo, ziliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa ya fedha huufanya uozo kuwa mweusi tititi, na hilo lazima lisemwe kabla. Bibi aliuliza kama utaonekana akicheka. Nikamwonesha kwa kioo kwamba hauonekani, ndipo akakubali. Lingekuwa jino la mbele angekataa, na angekuwa na haki.

Nyumbani, mswaki sasa bibi anaupiga akiwa nyuma yake, msichana ameketi kwenye kigoda na kisogo kimeegemea mapaja ya bibi, akihesabu. Dawa ya meno ni ile isiyowasha, kiasi cha punje ya njegere, yenye floraidi. Shuleni tuliomba wasimtunze peremende kila anapofanya vizuri. Mwalimu akabadilisha kuwa shanga, na msichana amezipenda kuliko peremende.

Kujipiga kumepungua sana, hakujaisha. Akikasirika bado mkono huenda shavuni, na bibi anadhani ni mazoea tu. Mimi huangalia kila anapokuja, nisije nikaita mazoea kitu kingine.

Wenzangu wenye kliniki huniuliza nani analipia nafasi ninayoiacha tupu kabla yake. Hakuna. Ila nimekwisha kuona gharama ya upande wa pili: watu watatu wanaomshika mmoja, kidole kilichoumwa, na miezi ya foleni ya chumba cha upasuaji kwa jino lililotoka kwa hesabu ya kumi. Simwambii mtu kwamba usingizi ni kushindwa. Upande wa kulia ana gego la mwisho lililoota nusu, limelala, na hilo sitaligusa akiwa macho. Amekwisha andikishwa kwa ajili yake, na mwalimu ameanza kubandika picha za barakoa na kitanda cha magurudumu.

Kuhusu fizi, tuliandika barua kwa kliniki ya kifafa kuuliza kama kuna dawa nyingine inayomfaa. Wamekubali kubadilisha polepole, ya zamani ikishushwa huku mpya ikipanda. Fizi huweza kurudi nyuma kwa miezi kadhaa baada ya hapo ikiwa usafi unafanyika. Anakuja kusafishwa kila miezi mitatu, saa nne asubuhi, na siku atakayolazwa usingizi kwa lile gego ndipo tutaamua kama kuna fizi ya kukata.